Alasiri za Mjomba Kanti

Ba alikuwa anamsema tena. Megha alimsikia vizuri kutoka jikoni, mikono ikiwa ndani ya unga, maana nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule juu ya duka lao la nyuzi na vifungo, Mtaa wa Livingstone, Kariakoo, na mama mkwe wake hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Chapati zake? Nene kama soli ya kiatu," Ba alisema. "Nimemwonyesha mpaka nimechoka." Akanyamaza kidogo. "Cheka tu. Wewe huzili."

Kila alasiri ilikuwa hivyo. Ba, ambaye jina lake ni Shobhana lakini nyumba nzima ilimwita kwa jina hilo la heshima wanaloitwa akina mama wa Kigujarati, alichana nywele, akajifunga shali nzuri, akaketi mbele ya kompyuta sebuleni kuongea na kaka yake, Bhai kama alivyomwita, aliyeko Jamnagar, India. Kuongea ni namna ya kusema. Aliyeongea ni Ba peke yake. Mjomba Kanti alifanyiwa upasuaji wa koo kwa ajili ya saratani, na sauti ikaenda na kile kilichoondolewa. Tangu hapo alijibu kwa chaki. Aliandika kwenye kibao cha watoto wa shule, akakiinua mbele ya kamera, dada yake akasoma, akajibu kwa mdomo. Kwa watu hawa wawili simu haikuwa na kazi. Bila picha hawakuwa na mazungumzo.

Megha hakuwahi kukiona hicho kibao. Hakuruhusiwa. Kwa desturi ya kina Ba, mke hamwonyeshi uso mjomba wa mumewe. Akiingia mjomba, mkwe anavuta mtandio mpaka chini ya macho na kujiondokea. Nyumba nyingi za Wahindi pale mjini zilishaiacha desturi hiyo, wasichana wanakaa na wajomba wa waume zao wanakunywa nao soda. Ba hakuiacha. Vivek, mwanawe wa pekee na mume wa Megha, aliwahi kumtania: "Lakini Ba, mjomba yumo ndani ya kompyuta." Ba akamjibu kwamba macho ya mtu hayaachi kuwa macho kwa sababu yanapita kwenye waya. Kwa hiyo alasiri zote Megha alikaa jikoni, akasikia upande mmoja wa maneno, upande uliomhusu yeye.

Siku ile sauti ya Ba ilipanda ghafla.

"Nani? Yule? Hapana, Bhai." Kimya. "Nimesema hapana. Nimlete yule mbele yako? Aibu hiyo sitaki mimi nyumbani kwangu." Kimya tena, kirefu zaidi. "Usiniandikie mambo hayo. Ukiandika tena naondoka." Kisha kiti kikakwaruza sakafu, mlango wa chumbani ukafungwa.

Megha alisimama na donge la unga mkononi. Desturi aliijua, wala haikuwa desturi iliyomchoma. Kilichomchoma ni lile neno aibu. Kutokuwa bado na mtoto, kuzaliwa Tanga kwa baba mwenye kiduka kidogo, wembamba wake, chapati zake, vyote alishavisikia vikisafirishwa kwenda India alasiri baada ya alasiri, akavimeza. Lakini kuwa aibu ya nyumba ni kitu kingine. Alilia kidogo, akapangusa macho kwa kiwiko, akaendelea kukanda, kwa sababu Vivek alikuwa karibu kupanda kula.

* * *

Asubuhi iliyofuata alifungua ile kompyuta kumwandikia wakala wa zipu wa Guangzhou. Kazi hiyo ilikuwa yake. Alisomea kompyuta chuoni kabla ya kuolewa, na Vivek hakuwa na muda. Vivek alishinda chini akiangalia wamachinga walioweka meza mbele ya duka lake wakiuza zipu za China kwa bei ya chini kuliko aliyonunulia yeye za kwake. Soko lilikuwa huria, kila mtu aliruhusiwa kuleta chochote na kuuza popote, na Vivek alikuwa anajifunza kutabasamu na watu waliomla taratibu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa tunda la uhuria huo huo. Lucky, fundi wa Mtaa wa Aggrey, aliitoa kwenye makontena ya mashine zilizochoka huko Ulaya, akaitia Linux, mfumo wa kuiendesha, akasema virusi vya flashi za mjini haviijui Linux hata vikikutana nayo uso kwa uso. Akamfundisha Megha kuitunza. Alimwonyesha lile dirisha jeusi la kuandikia amri, jinsi ya kuleta programu na jinsi ya kuitoa, na jinsi ya kuchungulia plagini, vile vijiprogramu vinavyojibandika kwenye kivinjari ili kiweze kuonyesha hiki au kile.

"Zilizopitwa na wakati unazitoa, dada'angu," Lucky alimwambia siku ile. "Hizo ndo mlango wa wezi. Ila hii ya video iache kama ilivyo. Mashine yenyewe mzee, plagini mpya inaweza ikaikataa."

Sasa juu ya ukurasa ulitokea ule utepe wa njano uliokuwa ukitokea kila siku, kwamba kivinjari hiki kina plagini za zamani ambazo si salama. Kila siku Megha aliufunga. Leo hakuufunga. Alifungua dirisha jeusi, akaanza na zile zisizo na maana: moja ya kusoma nyaraka ambayo hawakuwahi kuitumia, nyingine ya kupigia muziki, ya tatu hata hakujua ililetwa na nani. Kila moja ilipotoka alijisikia vizuri, kama mtu anayefagia chini ya kitanda.

Ikabaki ya video. Maneno ya Lucky aliyakumbuka yote, tusimtafutie udhuru wa kusahau. Lakini lile neno la jana nalo alilikumbuka, na plagini ilikuwa kweli imepitwa na wakati, utepe wa njano ulikuwa shahidi, hesabu za duka zilikuwamo humo humo kwenye mashine. Nani angemlaumu? Akajiambia ni kwa wiki moja tu. Wiki moja ya kukanda unga bila kusemwa, kisha atairudisha. Akaandika amri. Mashine ikamuuliza kama ana hakika anataka kuendelea. Akabonyeza herufi ya ndiyo.

Kisha akaandika na amri ya kusafisha mabaki, ile inayofuta hata mafaili yaliyohifadhiwa ya kurudishia programu iliyotolewa. Huenda ni kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Huenda ni kwa sababu hakutaka ibaki njia ya kurudi nyuma. Baadaye yeye mwenyewe alijiuliza, na hakupata jibu lililomfurahisha.

Alasiri Ba aliketi mahali pake, na pale palipokuwa na uso wa kaka yake pakawa na kisanduku cha kijivu.

"Megha. Hebu njoo uone."

Alikuja, mtandio mabegani, kwa kuwa hapakuwa na macho ya kuyakwepa.

"Mbona hayupo?"

"Labda mtandao wa kwao, Ba."

Ba alikitazama kile kisanduku kwa muda. Alikuwa amevaa shali ya kijani, ile ya siku za wageni. "Au amefunga mwenyewe?" akauliza polepole.

Hapo ndipo Megha angeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni jepesi, lisingemtoa jasho. "Sijui, Ba," akasema.

* * *

Wiki ilipita, na utulivu alioutaka Megha ulikuja kwa sura ambayo hakuitaka. Ba aliacha kumsema kwa sababu aliacha kusema kabisa. Alikula alichowekewa. Megha alisahau chumvi kwenye dengu siku moja, makusudi au bahati mbaya, hata yeye hakuwa na hakika, na Ba akala mpaka mwisho akasukuma sahani. Lakini kila alasiri alichana nywele, akajifunga shali, akaketi mbele ya kisanduku cha kijivu mikono mapajani. Alipochoka kusubiri aliinuka bila kuaga mtu na kwenda kulala.

"Nimpigie Janki?" Vivek aliuliza mezani. Janki ni binti wa Mjomba Kanti, ndiye aliyekuwa akimuuguza. "Tujue kulikoni."

"Usimpigie mtu," Ba akasema. "Akitaka kuniona atafungua. Mimi nipo."

Vivek alimtazama mkewe kama anayeomba msaada. "We umeangalia? Si tatizo la kwetu kweli?"

"Nimeangalia," Megha akasema. Na kweli alikuwa ameangalia. Wiki yake moja ilikwisha, na mchana ule aliandika amri ya kuirudisha plagini. Ikaja mpya, ikajibandika, na mara kivinjari kikajifunga chenyewe. Akakifungua, kikajifunga. Akatoa, akaweka, akatoa tena. Alitafuta ile ya zamani kwenye mabaki, na mabaki alishayafuta kwa mkono wake. Jasho lilimtoka mgongoni wakati feni inazunguka juu ya kichwa chake. Angeweza kwenda kwa Lucky siku hiyo hiyo. Hakwenda, kwa sababu Lucky angemuuliza, na yeye hakuwa na la kumjibu. Akaona bora asubiri kidogo, pengine Ba atazoea. Watu wanazoea mengi.

Siku chache baadaye simu ya Janki ilimkuta sokoni, amesimama kwenye foleni ya nazi. Janki alimpigia yeye kwa kuwa yeye ndiye aliyejulikana kuwa mtu wa kompyuta.

"Bhabhi, kompyuta yenu ina nini?" Ndivyo anavyoitwa mke wa kaka, na Janki alilitamka kwa upole wa mtu asiyetaka ugomvi. "Huku sisi tuko wazi. Baba anakaa mbele ya mashine kila siku, kibao mapajani. Nikimwambia akalale anaandika neno moja: bado."

"Imeharibika," Megha akasema. "Inatengenezwa."

"Basi fanyeni haraka kidogo. Hali yake si nzuri. Juzi na jana hajala." Sauti ikakatika, ikarudi. "Usimwambie shangazi, presha itampanda bure. Amwone tu. Wakionana wenyewe watajua la kuambiana."

"Sawa," Megha akasema. "Leo itakuwa tayari."

Muuza nazi alimuuliza mara ya pili anataka ngapi. Megha aliondoka bila nazi, akashika Mtaa wa Aggrey, anakaribia kukimbia, mwanamke wa watu mwenye heshima zake, anagongana na wapagazi na kutukanwa. Aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya mgonjwa, na ukweli usemwe, aliogopa zaidi kwa ajili yake mwenyewe, na kujua hivyo kulimfanya ajichukie katikati ya watu.

* * *

Lucky alifunga kazi ya mteja mmoja, akapanda ngazi nyuma ya Megha. Jua lilikuwa linazama, adhana inaanza misikitini. Ba alikuwa bado ameketi mbele ya mashine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi, itaonyesha?"

"Ngoja tuone, bibi."

Ba alisogeza kiti chake pembeni lakini hakuondoka. Lucky alifungua dirisha jeusi, akasoma, akapandisha juu akasoma tena. Mashine za Linux huandika kila kilichowekwa na kilichotolewa. Megha alimwona anafika kwenye ule mstari. Lucky hakugeuka.

"Dada, hii kitu haijifuti yenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Imetolewa. Na mabaki yamefagiliwa."

"Najua. Huwezi kuipata ile ya zamani?"

"Huko mtandaoni inakotoka wameshaiondoa, wameacha hii mpya tu. Na mpya ndo hiyo, cheki." Kivinjari kikafunguka, kikajifunga. "Inataka prosesa ambayo hii mashine haina. Nilikwambia, dada'angu."

"Anasema nini?" Ba akauliza. Kiswahili alikijua tangu utotoni, ila masikio hayakuwa tena yale ya utotoni. "Fundi, ubovu uko kwetu au uko kwa kaka yangu?"

Swali lilikuwa la Lucky. Lucky aliangalia kibodi, kisha akamwangalia Megha, akamwachia nafasi kabisa, kama mtu anayeshikilia mlango mwenzake apite.

"Mwulize dada hapa, bibi. Yeye ndo anaijua hii mashine."

Ba akageuza uso. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, ndiyo maana simu ndogo zenye picha hazikumfaa, lakini Megha aliona yanamsubiri.

"Inaweza kuwa kote kote, Ba," Megha akasema.

Lucky alikusanya bisibisi zake. "Ya kwangu pale dukani ina nguvu," akasema. "Kuna kazi ya mtu namalizia humo. Kesho asubuhi naileta yenyewe, bibi, nakufungia hapa hapa, unamwona ndugu yako. Kwao saa hizi si ni usiku tayari?"

"Ni usiku," Ba akakubali. "Ameshalala." Na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi uso wake ukalegea. "Kesho, basi. Nitamwambia samahani kwanza, kabla hajaandika lolote."

Megha alimsindikiza fundi mpaka kwenye ngazi. Alingojea kulaumiwa. Lucky alishuka ngazi kadhaa, akasimama.

"Mtu mzima yule, dada," akasema tu, akaenda zake.

* * *

Mjomba Kanti alifariki alfajiri ya Jamnagar, Kariakoo ikiwa bado imelala. Vivek alipata habari akiwa chini anafungua makufuli ya duka. Aliyafunga tena, akapanda, akasimama mlangoni na simu mkononi, na Ba alipomwona amepanda saa ya kufungua duka hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa tayari ameshachana nywele.

Anayepata habari ya msiba wa ndugu huoga kwanza, kichwa mpaka miguu, na nguo alizovaa, kabla ya kugusa chochote. Hiyo pia ni desturi. Na kwa kuwa Ba magoti yake hayakuruhusu kuinama, kazi ya kummwagia maji ilikuwa ya mkwe.

Aliketi kwenye kigoda bafuni na sari yake, na shali yake ya kijani. Megha aliteka kwa kopo, akamimina. Maji yalikuwa baridi. Ba hakushtuka. Nywele zilizotoka kuchanwa zikamlalia usoni.

"Amekufa na hasira," Ba akasema.

"Usiseme hivyo, Ba."

"Wewe hujui. Siku ile aliandika nikuite." Maji yalimwingia mdomoni, akayatema. "Kila siku namwambia habari zako, na yeye kila siku ananiandikia, mwache mtoto wa watu. Ananicheka. Siku ile akaandika, mlete huyo unayemsema, nimwone uso kabla sijafa, mwambie atoe mtandio, mimi mtu wa kufa haya ya nini. Nikamwambia aibu hiyo sitaki. Mkwe wangu aketi uso wazi mbele ya mjomba, mimi niliyelelewa vile? Nikamfungia nikaenda kulala. Kesho yake akanifungia na yeye. Hakufungua tena mpaka amekwenda."

Megha alisimama na kopo. Maji yalimchuruzika kwenye kiganja, mpaka kwenye mkono wa nguo. Aibu ile aliyoibeba siku zote hizi haikuwa yake. Kulikuwa na mtu mmoja katika alasiri zile aliyekuwa upande wake, na huyo ndiye ambaye yeye alimfungia. Alitamani kukimbia, ila bafu lilikuwa dogo na Ba alikuwa mlangoni.

Mlango wa mbele uligongwa. Sauti ya Lucky ilisikika, ya uchangamfu, inauliza mashine aiweke wapi, kisha sauti ya Vivek, ya chini, kisha kimya, kisha Lucky tena, "Poleni. Poleni sana, jamani." Hatua zikashuka ngazi polepole, za mtu aliyebeba kitu kizito.

"Hakukasirika, Ba," Megha akasema.

"Wewe utajuaje."

"Hakufunga. Ni mimi."

Ba aliondoa nywele usoni.

"Ile kitu ya kuonyesha picha niliitoa mimi. Ilikuwa ya zamani, inaandika kila siku kwamba si salama, lakini si kwa sababu hiyo. Niliitoa makusudi. Kwao kulikuwa wazi siku zote. Sisi ndio tuliofungwa."

"Umetoa nini?" Ba hakuwa ameelewa. Ilimbidi Megha aseme tena, pole pole, kwa maneno mepesi kama anayemwambia mtoto, na kila alivyorahisisha ndivyo jambo lenyewe lilivyozidi kuwa dogo na la kijinga. Kwamba kulikuwa na kitu, kwamba akakitoa, kwamba alipotaka kukirudisha kikakataa.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unanisema."

Sasa alikuwa analia, lakini aliendelea, kwa kuwa alidhani ukweli utamtua yule mama mzigo wa hasira ya marehemu. Hilo angalau aliweza kumpa. "Janki alinipigia. Sikukwambia. Alisema Mjomba anakaa mbele ya mashine kila siku, kibao mapajani. Akiambiwa akalale anaandika neno moja: bado. Hakukukasirikia hata kidogo, Ba."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye shali kwenda kwenye sakafu ya saruji.

"Kila siku?" Ba akauliza.

"Kila siku."

"Kwa hiyo alikuwa ananisubiri."

Megha alikuwa ameondoa hasira, na mahali pake akaweka mgonjwa aliyeketi mbele ya mashine anamngoja dada yake, na dada yake yuko upande wa pili wa kisanduku cha kijivu anamngoja yeye. Aliona uso wa Ba unalielewa jambo hilo kidogo kidogo. Hasira ya kaka angeweza kuizoea, labda hata kumlaumu kaka mwenyewe siku moja. Kungojana huku hakukuwa na wa kulaumiwa isipokuwa yule aliyeshika kopo.

"Mimina maji," Ba akasema hatimaye. "Sijamaliza kuoga."

Megha akamimina.

"Vivek asijue," Ba akasema chini ya maji. "Na watu wasijue. Hii ni nyumba ya mwanangu."

* * *

Wanawake walikuja alasiri, wamevaa nyeupe, wakavua viatu mlangoni na kukaa kwenye shuka lililotandikwa sebuleni. Kompyuta ilifunikwa kitambaa. Katika nyumba ya msiba hakupikwi, kwa hiyo Megha hakuwa na pa kujificha. Alipitisha glasi za maji kwenye sinia, mtandio kichwani, akaketi nyuma karibu na ukuta. Vivek alipopita kwenda kupokea wanaume alimgusa bega na kumwambia ahsante kwa kumsaidia mama. Megha alitamani mumewe angempiga badala yake.

Wakaimba nyimbo za maombi. Kisha wakanyamaza, na mmoja wao, Ramila, jirani wa siku nyingi, akamshika Ba mkono.

"Lakini si ulikuwa unamwona kila siku kwenye mashine? Angalau mliagana."

Chumba kizima kilisubiri. Megha aliinua macho. Kwa kweli alitamani lisemwe, limwagike pale mbele ya wote, aitwe jina lake, atukanwe, arudishwe Tanga, amalizane nalo.

"Mashine iliharibika," Ba akasema. "Ilikuwa ya zamani." Sauti yake ilikuwa kavu, ya kawaida, sauti ya mtu anayetaja bei. "Mkwe wangu alihangaika nayo sana. Alikimbia mpaka kwa fundi kwa miguu. Tena jana hiyo hiyo."

Vichwa vikageuka. Wanawake wote wakamtazama Megha kwa huruma, na aliyekaa karibu naye akampapasa goti.

"Una bahati, Shobhana," Ramila akasema. "Wakwe wa hivyo siku hizi hawapatikani."

"Ndiyo," Ba akasema. "Nina bahati."

Akamtazama Megha moja kwa moja kupitia mabega ya wageni, bila hasira yoyote, akaendelea kumtazama, mpaka Megha akashindwa na kuinamisha uso. Wanawake wakadhani ni haya, wakampenda zaidi.